Mcheza Kwao Hutunzwa: Habari za Michezo ya Kuigiza ya Marekani

Kila mwanzo wa mwaka, masomo yakiisha jioni, si madarasa yote ya Nyaramba na ya vijiji jirani katika vilima vya chai vya Nyamira yafungwayo upesi. Madawati husogezwa ukutani, shuka hutundikwa mahali pa pazia, na mtoto wa mkulima ambaye saa moja iliyopita alikuwa akifanya hesabu sasa ni chifu, au mganga, au baba arudiye nyumbani usiku hali mshahara wote umekwisha njiani. Hayo ni maandalizi ya mashindano ya michezo ya kuigiza ya shule za Kenya. Wazee watokao kupeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai husimama dirishani. Wengine hucheka mpaka machozi yakawatoka. Wengine hutikisa kichwa na kuuliza: Je, ada imelipwa ili watoto wacheze?

Swali hilo ni la haki, wala halikuanza Kisii. Liliulizwa zamani sana katika nchi ya Marekani, ambayo leo michezo yake ya kuigiza yajulikana dunia nzima. Tena huko liliulizwa mbele ya mahakama, likaandikiwa sheria, na baadaye watu walikufa kwa ajili ya jambo lililofanana nalo. Ni vema msomaji azijue habari hizo, kwa maana zitamsaidia kupima lile alionalo dirishani.

KESI YA DUBU

Tarehe 27 Agosti, mwaka wa 1665, katika wilaya ya Accomack kwenye pwani ya Virginia, watu watatu walicheza mchezo wa kuigiza katika nyumba moja ya kuuzia pombe. Wakati huo Virginia ilikuwa koloni la Uingereza, na utajiri wake ulitokana na kilimo cha tumbaku. Mchezo huo uliitwa Dubu na Mtoto Wake. Mtu mmoja alikasirika aliposikia habari hizo, akaenda kuwashtaki wale watatu kwamba wametenda uovu.

Mahakimu walitaka kwanza kujua lililotendwa. Basi wakaamuru washtakiwa waje mahakamani na mavazi yao yale yale, na kusema maneno yale yale waliyoyasema siku ile. Wakaja, wakacheza. Mahakimu walipokwisha kutazama hawakuona kosa lolote. Waliwaachilia wale wachezaji, na yule mshtaki akatozwa gharama za kesi. Maneno ya mchezo wenyewe yamepotea, lakini kesi imebaki katika daftari la mahakama, na kwa sababu hiyo ndiyo habari ya kwanza ijulikanayo ya mchezo wa kuigiza wa Kiingereza katika makoloni yale.

Si kila mahali palipokuwa na mahakimu wenye subira kama hao. Katika mwaka wa 1750 koloni la Massachusetts lilitunga sheria ya kukataza michezo ya kuigiza kabisa, kwa hoja kwamba hupoteza fedha na wakati, hufanya watu wavivu, na kudhoofisha dini. Hata mwaka wa 1774, makoloni yalipokuwa yakijitayarisha kupigania uhuru wao, baraza lao kuu liliwasihi watu waache michezo hiyo pamoja na kamari na mashindano ya farasi, ili waishi maisha ya kubana matumizi. Mzee wa Nyaramba atikisaye kichwa dirishani angepata wenzake wengi katika baraza lile.

JUKWAA LA KUAZIMA

Hata hivyo michezo haikufa. Nyumba ya kwanza ya michezo katika makoloni yale ilijengwa katika mji wa Williamsburg, huko Virginia, kwa mkataba ulioandikwa mwaka wa 1716. Mnamo mwaka wa 1752 Bwana Lewis Hallam alivuka bahari kutoka London pamoja na mkewe, watoto wake, na kundi la wachezaji, na tarehe 15 Septemba wakaonyesha katika mji huo mchezo wa Shakespeare wa mfanyabiashara wa Venice. Wasomaji wa Kiswahili wanaujua mchezo huo, kwa kuwa Mwalimu Julius Nyerere aliufasiri na kuutoa mwaka wa 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi.

Yafaa kukumbuka kwamba kila kitu kilichoonekana katika jukwaa la Hallam kilikuwa cha kuazima. Maneno yalitoka Uingereza, mavazi yalitoka Uingereza, na wachezaji wenyewe walitoka Uingereza. Mkulima wa Virginia aliketi akawatazama wafalme asiopata kuwaona, wakisema juu ya nchi asiyopata kuikanyaga. Alifurahi, lakini alifurahi kama mgeni katika arusi ya watu wengine.

Mabadiliko yalikuja tarehe 16 Aprili, mwaka wa 1787, katika mji wa New York. Mwanasheria mmoja aliyekuwa askari katika vita vya uhuru, Bwana Royall Tyler, alitunga mchezo wa kuchekesha uitwao The Contrast, nao ukawa mchezo wa kwanza wa kuchekesha uliotungwa na Mmarekani na kuonyeshwa na wachezaji wa kazi hiyo. Ndani yake mna kijana mtumishi aitwaye Jonathan, mtu wa shamba, mnyofu, ambaye aingia katika nyumba ya michezo bila kujua ni mahali gani. Baadaye awasimulia wenzake kwamba kitambaa kikubwa kiliinuliwa mbele yake, naye akaona moja kwa moja ndani ya nyumba ya jirani, jinsi watu wanavyoishi na kugombana.

Watu walicheka kwa ujinga wa Jonathan. Lakini akiangalia sana, msomaji ataona kwamba Jonathan hakukosea. Mchezo wa kuigiza si kitu kingine ila ukuta ulioondolewa, ili watu waone ndani ya nyumba. Shida iliyobaki ni moja tu: ni nyumba ya nani ionyeshwayo, na ni nani amepewa ruhusa ya kuondoa ukuta wake?

Wamarekani wenyewe waliliona jambo hilo kuwa zito mno. Katika mwaka wa 1849 wachezaji wawili mashuhuri walicheza Macbeth katika New York kwa wakati mmoja, kila mmoja katika nyumba yake: Bwana Macready, Mwingereza aliyependwa na matajiri, na Bwana Edwin Forrest, Mmarekani aliyependwa na watu wa kazi za mikono. Usiku wa tarehe 10 Mei maelfu ya watu walikusanyika nje ya nyumba aliyochezea Mwingereza, mahali paitwapo Astor Place, wakaanza kutupa mawe. Askari waliitwa, wakapiga bunduki, na watu wasiopungua 22 walikufa. Hawakufa kwa ajili ya Shakespeare. Walikufa kwa hasira za watu walioona kwamba jukwaa la nchi yao si lao.

BUSTANI YA WAAFRIKA

Ikiwa Mmarekani mweupe aliumia hivyo, yafaa kuuliza habari za Mmarekani mweusi. Katika mwaka wa 1821 utumwa ulikuwa haujakwisha katika New York. Ulikomeshwa huko mwaka wa 1827. Hata hivyo palikuwa na watu weusi wengi walio huru, na mmoja wao alikuwa Bwana William Alexander Brown, aliyepata kuwa mtumishi katika meli. Bwana Brown alifungua bustani nyuma ya nyumba yake, ambamo watu weusi, waliokatazwa kuingia katika bustani nyingine za mji, waliweza kunywa na kusikiliza muziki. Halafu alianzisha nyumba ya michezo, ambayo yajulikana kwa jina la African Grove, yaani Bustani ya Waafrika. Mchezaji wake mkuu, Bwana James Hewlett, alicheza mfalme Richard wa Tatu wa Shakespeare.

Weupe nao wakaja kutazama. Wengine walikuja kwa heri, wengine walikuja kufanya fujo. Mwanzoni mwa mwaka wa 1822 polisi waliwakamata wachezaji wakiwa bado jukwaani, wakawaachilia baada ya kuwaonya wasicheze tena Shakespeare. Bwana Brown hakukata tamaa. Mwaka wa 1823 alionyesha mchezo alioutunga yeye mwenyewe juu ya Mfalme Shotaway na vita vya watu weusi wa kisiwa cha St Vincent walioukataa utawala wa kigeni. Huo ndio mchezo wa kwanza ujulikanao kutungwa na mtu mweusi katika Marekani. Nao maneno yake yamepotea, kama yalivyopotea yale ya Dubu. Na nyumba ya Bwana Brown ilifungwa muda si mrefu baadaye.

Kijana mmoja wa mji ule aliyeipenda kazi hiyo, Ira Aldridge, aliyezaliwa mwaka wa 1807, aliona kwamba kwao hapana nafasi. Akapanda meli kwenda Uingereza, akaanza kucheza London mwaka wa 1825. Mwaka wa 1833 alicheza Othello katika nyumba kubwa ya Covent Garden. Akazunguka Ulaya mpaka Urusi, akapewa nishani na heshima na wafalme, na mwaka wa 1867 akafa akiwa safarini katika mji wa Lodz, huko Poland, alikozikwa. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Bwana Aldridge alitunzwa kila mahali ila kwao.

Na huko kwao mambo yalikuwaje? Kiasi cha mwaka wa 1830 mchezaji mmoja mweupe, Thomas Rice, alijipaka masizi usoni, akavaa matambara, akacheza na kuimba kama mtu mweusi mpumbavu aliyemwita Jim Crow. Watu walimiminika kumtazama. Makundi ya kumwiga yakatokea kila mji, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa burudani kubwa ya Marekani: watu weusi wakionyeshwa jukwaani bila wao wenyewe kuwapo. Mzaha ukirudiwa mara nyingi huaminiwa. Zilipotungwa baadaye sheria za kuwatenga weusi katika magari ya moshi, mashule na mahoteli, watu waliziita sheria za Jim Crow. Msomaji aone jinsi jina lilivyotoka jukwaani likaingia katika maisha. Asiyejisemea husemewa, na asemewaye huonekana kama alivyosemwa.

MASHARTI MANNE

Kwa hiyo haikuwa anasa wala mchezo wa watoto, watu weusi wa Marekani walipotafuta jukwaa lao katika karne ya ishirini. Mwaka wa 1920 Bwana Charles Gilpin alisifiwa sana katika New York kwa mchezo wa The Emperor Jones. Lakini mtungaji wake, Bwana Eugene O'Neill, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1936, alikuwa mtu mweupe. Mlango ulikuwa umefunguliwa nusu.

Mwanachuoni W. E. B. Du Bois aliona kwamba nusu haitoshi. Alianzisha kundi la wachezaji lililotumia chumba cha chini cha maktaba ya watu wote katika Harlem, mtaa wa weusi wa New York, na mwaka wa 1926 alieleza masharti manne ya kazi hiyo. Kwanza, michezo iwe juu ya maisha ya watu wenyewe. Pili, itungwe na watu hao. Tatu, ionyeshwe kwa ajili yao, si kwa kuwapendeza wengine. Nne, ionyeshwe karibu na wanapokaa. Msomaji na ayashike masharti hayo manne, kwa maana yatarudi tena kabla ya mwisho wa habari hizi.

Serikali nayo iliwahi kusaidia. Kazi zilipoadimika sana, serikali ya Marekani kuanzia mwaka wa 1935 iliwalipa mishahara maelfu ya wachezaji na mafundi wa jukwaa wasio na kazi, ili watu wa kawaida waone michezo kwa bei ndogo au bure. Mwaka wa 1936, chini ya mpango huo, wachezaji weusi walionyesha Macbeth katika Harlem, nchi ya Scotland ikiwa imegeuzwa kisiwa cha bahari ya Caribbean, na wachawi wakiwa waganga wa kisiwani. Jukwaa la kuazima lilianza kuwa na harufu ya nyumbani. Lakini mwaka wa 1939 baraza la kutunga sheria lilikata fedha, kwa kuwa baadhi ya wajumbe waliona kwamba michezo ile inachochea siasa, na mpango ukaisha.

Hapo ndipo lugha ya Kiswahili yaingia katika habari hizi. Bwana Paul Robeson, mwimbaji na mchezaji mashuhuri, ambaye baba yake alizaliwa utumwani, alikaa London katika miaka ya 1930, akajifunza lugha za Afrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Huko alijuana na Bwana Jomo Kenyatta, aliyekuwa bado mwanafunzi ugenini. Bwana Robeson alirudi kwao, na mwezi wa Oktoba 1943 akacheza Othello katika Broadway, njia kuu ya nyumba za michezo za New York. Mchezo huo ulionyeshwa mara 296, na hakuna mchezo wa Shakespeare uliopata kuendelea kwa muda mrefu kuliko huo katika Broadway. Basi kazi ile ile ambayo Aldridge aliifuata ng'ambo, mtu mweusi aliifanya sasa katika mji aliozaliwa Aldridge.

MWAKA WA 1959

Tarehe 11 Machi, mwaka wa 1959, mchezo uitwao A Raisin in the Sun ulifunguliwa katika Broadway. Mtungaji wake alikuwa Bibi Lorraine Hansberry, asiyetimiza bado miaka 29, naye alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza ambaye mchezo wake ulionyeshwa huko. Ulionyeshwa mara 530.

Mkulima wa Kisii hahitaji mkalimani ili aelewe mchezo huo. Baba wa nyumba amekufa, na kampuni ya bima italeta dola 10,000. Mama mjane ataka kununua nyumba ili familia itoke katika vyumba vyembamba walivyobanana. Mwana mkubwa ataka fedha hizo ziwe mtaji wa duka la vileo. Binti ataka kusoma udaktari. Mara mwana akabidhiwa sehemu kubwa ya fedha, na mwenzi wake wa biashara atoroka nazo. Ni nyumba ngapi, katika Nyamira na kwingineko, zimepata kugombania bonasi ya chai au urithi wa shamba kwa namna hiyo hiyo? Tena nyumba anayoinunua mama imo katika mtaa wa weupe, ambao wamtuma mtu awape fedha wasihamie huko. Bibi Hansberry alilijua jambo hilo kwa macho yake, kwa sababu baba yake alinunua nyumba katika mtaa wa namna hiyo huko Chicago, akashtakiwa, na kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, iliyotoa hukumu mwaka wa 1940. Na katika mchezo huo yumo mwanafunzi wa Kiafrika kutoka Nigeria, aitwaye Asagai, asemaye kwa akili na heshima. Watazamaji wengi wa Broadway walikuwa hawajapata kuona Mwafrika wa namna hiyo jukwaani.

Mchezaji mkuu wa mchezo huo alikuwa Bwana Sidney Poitier. Mwaka ule ule wa 1959 yeye, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mchezaji wa mpira Jackie Robinson, walitia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani fedha za nauli ya ndege kwa wanafunzi wa Afrika ya Mashariki, kwa mpango wa Bwana Tom Mboya. Mwezi wa Septemba wanafunzi 81 walipanda ndege Nairobi kwenda Marekani. Hivyo mtu yule yule aliyesimama usiku akicheza kijana aliyepoteza fedha za ndugu yake, mchana alikuwa akitafuta fedha ili vijana wa Kenya wapate elimu.

DESTURI ZA JUKWAA

Kazi hii ina miiko yake. Wachezaji wa Marekani, kama wenzao wa Uingereza, hawalitaji jina la Macbeth ndani ya nyumba ya michezo isipokuwa wakati wa kucheza, wakiamini kwamba huleta mkosi. Haifai kupiga mbinja nyuma ya jukwaa. Mchezaji hatakiwi heri kwa maneno ya heri, bali huambiwa avunjike mguu. Watu wote wakiisha kuondoka usiku, taa moja huachwa ikiwaka katikati ya jukwaa. Wengine husema ni ya mizimu. Mafundi husema ni ya kumzuia mtu asianguke gizani. Na akifa mtu mkubwa wa kazi hiyo, taa za nje za nyumba za Broadway hupunguzwa kwa dakika moja.

Waafrika hawatacheka desturi hizo, maana na wao wanazo. Makabila mengi ya Afrika ya Mashariki yalikataza kusimulia ngano mchana, na yaliziweka kwa ajili ya jioni, mbele ya moto. Wakisii wana obokano, ala yao kubwa ya nyuzi nane, ambayo mpigaji wake huimba na kusimulia, huku wasikilizaji wakijibu. Bibi asimuliaye ngano hubadilisha sauti yake kwa fisi na kwa sungura. Huo nao ni mchezo wa kuigiza, ingawa hauna pazia wala tikiti.

KUTOKA NAIROBI MPAKA NYARAMBA

Jukwaa la namna ya Ulaya lilikuja Kenya kama lilivyokwenda Virginia, yaani kwa kuazimwa. Nyumba ya Michezo ya Taifa ilifunguliwa Nairobi mwezi wa Novemba 1952, na mchezaji Mwingereza, Sir Ralph Richardson, kwa muda mfupi baada ya kutangazwa Hali ya Hatari. Kwa miaka mingi jukwaa lake lilitumiwa zaidi na makundi ya Wazungu. Katika Shule ya Alliance, wakati wa Bwana Carey Francis, Shakespeare alichezwa kila mwaka. Lakini shuleni humo humo wanafunzi walianza kutunga michezo yao kwa Kiswahili, na mmoja wao, Bwana Henry Kuria, alitunga Nakupenda, Lakini..., uliochapishwa mwaka wa 1957. Mwaka wa 1959 mashindano ya michezo ya shule yakaanzishwa. Mwanzoni Kiingereza na michezo ya Uingereza vilitawala. Baadaye, polepole, nyumba za Waafrika ziliingia jukwaani.

Kuingia huko hakukuwa bila gharama. Mwaka wa 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, karibu na Limuru, walijenga jukwaa lao la wazi, wakacheza kwa Kikuyu mchezo wa Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nitakapopenda, uliotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ulianza tarehe 2 Oktoba. Tarehe 16 Novemba ruhusa ilifutwa. Na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka wa 1982 jukwaa lile lilibomolewa. Bwana Ngũgĩ alikwenda kukaa ng'ambo, na tarehe 28 Mei, mwaka wa 2025, alifariki huko Marekani. Aldridge aliondoka Marekani akafa mbali na kwao. Ngũgĩ aliondoka Kenya akafa Marekani. Ni mambo ya kumfikirisha mtu.

Mwezi wa Aprili wa mwaka huo huo wa 2025, wasichana wa Shule ya Butere walizuiwa kuonyesha mchezo wao, Echoes of War, katika mashindano ya taifa. Mahakama Kuu iliamuru waruhusiwe. Walifika Nakuru, polisi wakatumia moshi wa kutoa machozi kuwatawanya watu, na wasichana walipoingia ukumbini bila watazamaji waliimba wimbo wa taifa, kisha wakaondoka. Mahakimu wa Accomack, mwaka wa 1665, walitaka kuuona mchezo kwanza ndipo wakahukumu. Utaratibu huo haujapata kuchakaa.

Hata hivyo zipo habari za furaha. Bibi Lupita Nyong'o, ambaye ukoo wake ni wa Kisumu, alicheza Juliet katika Nairobi akiwa msichana wa miaka 14. Mwaka wa 2016 alicheza Broadway katika Eclipsed, mchezo wa Bibi Danai Gurira juu ya wanawake wa Liberia wakati wa vita. Na katika mwaka wa 2025, katika bustani kubwa ya New York, ambako Shakespeare huonyeshwa bure, yeye na ndugu yake Junior walicheza pacha waliotenganishwa na dhoruba ya bahari, na pacha hao walisemezana kwa Kiswahili. Lugha ambayo Robeson aliitafuta katika vitabu vya London sasa imesikika katika jukwaa la New York, midomoni mwa wenyewe.

Tukirudi sasa kwenye lile dirisha la Nyaramba, na masharti manne ya Du Bois yapimwe hapo. Mchezo wa baba mlevi ni juu ya maisha ya watu wa hapo. Mara nyingi mtungaji wake ni mwalimu wa hapo. Watazamaji ni wazazi wa hapo. Na mahali ni karibu, hata mzee aweza kusimama na kutazama huku kikapu chake cha chai kikiwa bado mgongoni. Jambo ambalo watu wa Harlem walilitafuta kwa jasho, katika chumba cha chini cha maktaba, limo katika darasa la shule ya kijijini, bila mtu kulihesabu kuwa ni mali.

Basi mzee aulizaye juu ya ada ajibiwe kwa heshima. Mtoto akisema maneno ya mtungaji mbele ya watu mia, ajifunza kutoogopa. Akicheza adui yake, ajifunza kumfahamu. Na kijiji kikijiona chenyewe, chaweza kujicheka kabla wengine hawajakicheka. Lakini sababu kubwa ni ile iliyofundishwa na Jim Crow. Watu wasioonyesha nyumba yao wenyewe, wengine wataionyesha kwa niaba yao, tena kwa uso uliopakwa masizi.

Jonathan yule wa shamba alidhani ametazama ndani ya nyumba ya jirani. Mzee wa Nyaramba, akitazama vizuri kupitia dirisha lile, ataona kwamba nyumba ni yake. Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo walivyosema wahenga. Nao waliacha kazi ya kutunza mikononi mwa watu wa kwao.